Gari Dogo, Tairi Kubwa: Hizi Nambari Zilitoka Wapi?

Wengi wenu mnanijua kwa zile video za milango ya Mji wa Kale. Leo historia iko chini zaidi, kwenye tairi, na imenigharimu.

Gari ya mamangu ni Vitz ya 2008. Ndiyo miguu ya biashara yake: kila asubuhi inatoka Tononoka imejaa mahamri na mbaazi, inazunguka maofisini hadi Kilindini. Tairi zilipoisha nilipewa pesa nikabadilishe zote nne, maana tangu niache chuo mimi ndiye niliye nyumbani mchana. Muuzaji akaitazama gari, akatingisha kichwa. "Hii iko chini sana, mdogo wangu. Tia mia themanini na tano, itainuka."

Ilikuwa na 165/70R14. Nikatia 185/70R14. Sikuuliza swali hata moja, mimi ninayejifanya mtu wa maswali mtandaoni.

Siku ya tatu mamangu akipinda kona ya nyumbani, gari ikalia kwaruu. "Umenitilia tairi za lori?" Baada ya wiki tatu, tairi ya mbele kushoto ilikuwa imeliwa begani na nyuzi zachungulia. Hapo ndipo nikaanza kuchimba.

Kisiwa hiki kilianza na magurudumu yasiyo na tairi. Mwanzo wa karne ya 20, mwenye uwezo alipanda kigari cha reli kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini, na nyuma yake watu wakisukuma kwa mikono. Chuma juu ya chuma. Wakati huo Ulaya tayari walikuwa na tairi ya upepo: John Boyd Dunlop alisajili yake mwaka 1888, baada ya kuitengeneza kule Belfast kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kwa hivyo vipimo vya mwanzo tulivyoletewa vilikuwa vya Kiingereza, vya inchi.

Muulize mzee yeyote aliyekuwa na Volkswagen ya kobe. Tairi yake iliandikwa 5.60-15: upana inchi 5.6, rimu inchi 15. Basi. Urefu wa ubavu haukuandikwa kwa sababu ulikaribia kulingana na upana, kila mtu alijua. Sasa fikiria, gari dogo vile likiwa na rimu ya 15! Safari Rally ilipoanzishwa 1953, ikiitwa Coronation Safari, barabara zilikuwa matope na mawe, na mwaka 1954 kobe ndiye aliyeshinda. Wazee wetu walizoea gari dogo lililosimama juu. Nafikiri hamu yetu ya "kuinua gari" tuliirithi hapo.

Kisha wakaja Wafaransa. Michelin walisajili tairi ya radial mwaka 1946, nyuzi zake zikikatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kupishana kimshazari. Wafaransa ni watu wa milimita, upana wakauandika kwa milimita. Lakini rimu zilikuwa tayari zimejaa duniani kwa inchi, nani angezitupa? Zikabaki. Baadaye mabavu yakaanza kufupishwa, ikabidi iongezwe nambari ya tatu, asilimia. Ndiyo maana leo tairi moja inasema lugha tatu: 165 ni milimita, 70 ni asilimia ya huo upana, 14 ni inchi. Na ile R ni radial. Najua sote tunasema "ya R14" tukimaanisha rimu 14. Mimi pia nilisema hivyo miaka yote.

Kuna wakati tairi zetu zilitengenezwa hapa Kenya. Firestone East Africa ya Nairobi ilianzishwa 1969, ikageuka Sameer Africa mwaka 2005, watu wa Yana. Kiwanda kikafungwa 2016. Sasa rafu zinajazwa na meli: mpya nyingi za Uchina, na mtumba wa Japani. Magari yenyewe ni hivyohivyo. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo saizi unayoipata dukani ni kumbukumbu ya walichoendesha Wajapani miaka saba, minane iliyopita. Vitz na Nissan March walitembea na 165/70R14. Demio ya zamani kidogo ilikuja na 175/65R14, iliyofuata ikapanda hadi 185/65R15. Gari dogo linarudi kwenye rimu ya 15 ya kobe, ila ubavu umebaki mwembamba.

Sasa hesabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia. Chukua 165, mara asilimia 70, unapata milimita 115.5. Huo ni ubavu mmoja. Mbili ni 231. Inchi 14 ni milimita 355.6. Jumla, tairi ya mamangu ina kimo cha 586.6. Ile niliyotia ni 614.6. Tofauti milimita 28, karibu asilimia 5. Lakini gari hainuki kwa 28! Inainuka nusu yake, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli, ndiyo hiyo inayokwenda kukwaruza ndani. Yaani nilichopigania chote ni milimita 14, chini ya upana wa kidole gumba. Tena mita ikisoma 100, gari inakwenda karibu 105. Kwenye daraja la Nyali mamangu alikuwa akijiona mtiifu, kumbe.

Na 175/65R14, ile ya Demio? Kimo chake ni 583.1. Tofauti na ya asili ni milimita 3.5 tu, na madukani imejaa. Ilikuwa palepale kwenye rafu siku ile.

Kibandiko cha saizi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ufungue tu mlango. Ukinunua mtumba, soma pia zile tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Kashata inaweza kuwa nzuri na mpira umekauka, na jua letu halina huruma.

Muuzaji simlaumu sana. Aliniuzia nilichotaka kusikia. Tairi iliyoliwa haitakosa kazi, mjini hapa tairi hugeuzwa akala au huvaa mkokoteni.

Mamangu amenunua mbili za 175/65R14, ziko mbele. Mbili za nyuma nalipa mimi, kwa pesa za video hii na nyingine mbili, inshallah mwisho wa mwezi. Mpaka hapo nyuma bado kuna zile za 185, gari imeinama mbele kidogo kama inayotafuta kitu, na wateja wa Kilindini wameshaanza kumuuliza.