Nakshi za Chuma Kaskazini Mashariki: Kutoka Fuawe ya Mhunzi hadi Mashine ya Kompyuta

Nakshi za chuma zinazopamba mageti na madirisha ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, yaani maua, nyota, mwezi mwandamo na maandishi ya Kiarabu, ni sanaa changa katika eneo ambalo kwa karne nyingi halikuwa na mlango wa kutiwa nakshi. Aqal, nyumba ya wafugaji wa Kisomali iliyojengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, ilibomolewa na kupakiwa juu ya ngamia kila malisho yalipokwisha, hivyo chuma kilichothaminiwa kilikuwa kile kilichobebeka, kama vile kichwa cha mkuki, kisu na shoka. Waliofua vyombo hivyo ni Watumal, jamii ya wahunzi ambayo Wasomali wengine walihitaji kazi ya mikono yake na bado wakakataa kuoana nayo. Waborana, wafugaji majirani, nao waliwatenga wahunzi wao, Watumtu. Dhuluma hiyo haifai kupitwa haraka, kwa kuwa historia yoyote ya chuma katika eneo hili isiyoanza na watu hao huwanyima haki yao kwa mara ya pili.

Chuma cha nyumba kilikuja na makazi ya kudumu. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kati ya serikali ya Kenya na Wasomali waliotaka kujitenga, vilivyoandamana na kukusanywa kwa wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na serikali, pamoja na ukame wa miongo iliyofuata, viliwasukuma wengi mijini, na penye ukuta pakahitajika mlango. Katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa wakimbizi wa vita vya Somalia, makopo ya mafuta ya kula ya msaada yalipasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kuunganishwa kuwa milango, huku maandishi ya wafadhili yakiendelea kusomeka juu yake. Milango hiyo ya ufukara inastahili nafasi katika historia ya sanaa ya eneo hili, kama ile ya mbao iliyochongwa katika Lamu jirani.

Mashine inayokata nakshi za chuma kwa kuongozwa na kompyuta ilitoka mbali. Mwaka 1952 chuo cha MIT nchini Marekani, kikiendeleza wazo la John Parsons, kilionyesha mashine iliyofuata namba badala ya mkono, na mwaka 1957 Robert Gage alipata hataza ya kukata kwa plazima, yaani gesi iliyopashwa joto kali hata ikapitisha umeme na kuyeyusha chuma. Mitambo hiyo kwa kiasi kikubwa ilibaki mali ya viwanda vikubwa hadi kilipotokea kibao cha kielektroniki cha bei nafuu cha Arduino mwaka 2005 na programu huria ya Grbl mwaka 2009, ambavyo vilimwezesha fundi wa kawaida kuunda fremu ya mabomba ya mraba, kuifunga mota na kuiamuru tochi ya plazima ifuate mchoro. Nairobi, karakana ya pamoja ya Gearbox iliwafungulia mafundi na wabunifu milango ya zana za aina hii.

Kwa kuwa Waislamu wengi huepuka picha za watu na wanyama, nakshi hujengwa kwa maua, jiometri na hati, na hapo ndipo ustadi hupimwa. Herufi kama mim na waw zina tundu lililozungukwa, na tochi ikikata pande zote, kipande cha ndani huanguka na herufi huharibika. Mchoraji hulazimika kuacha utepe mwembamba wa kukishikilia, mahali ambapo jicho halitauona.

Kikwazo kikubwa cha kazi hii katika eneo hili kimekuwa umeme. Garissa ilitegemea jenereta za dizeli hadi ilipounganishwa na gridi ya taifa katika muongo wa 2010, na kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa hapo Desemba 2019, ilhali miji ya Wajir na Mandera katika eneo hilo hilo iliendelea kutegemea mitambo isiyounganishwa na gridi. Hata hivyo mchoro ni faili tu, na unaweza kuchorwa Mandera, ukakatwa Nairobi, na bamba likarudi kwa lori kuchomelewa kwenye geti na fundi wa pale pale.