Jackal wa Kwetu Hakubeba Bunduki

Wadau wa muvi za zamani, The Day of the Jackal ya 1973 mmeicheki? Jamaa anakodiwa amuue Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa. Anatengenezewa bunduki maalumu, anabadilisha pasi na majina kama anabadilisha shati. Masaa mawili na ushee umekaa roho juu, wakati unajua kabisa de Gaulle alijifia nyumbani kwake 1970!

Ya kwetu haikuwa na bunduki. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alichukua barua zake ofisini akaenda nazo Oysterbay, kwenye nyumba ya rafiki, alikopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Kulikuwa na kifurushi cha kitabu. Kukifungua tu, kikalipuka. Lawama zikaenda kwa PIDE, polisi wa siri wa Ureno, na kwa watu wa ndani ya chama chenyewe. Hapo kwangu muvi inazidiwa, maana Jackal unamwona sura. Wa Mondlane unabaki kunyoosheana vidole.

Haikupita hata miezi mitatu, ANC ya Afrika Kusini wakafanya mkutano wao mkubwa hapa hapa Morogoro. Baada ya Soweto 1976 vijana wao wakazidi kumiminika, serikali yetu ikawapa shamba la zamani la mkonge, Mazimbu. Shule ikaanza 1978, baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. (Ndiyo, nyie wa SUA mnaosoma pale, jina la kampasi yenu limetokea huko.)

Fikiria sasa uko Mazimbu, mkimbizi, unaletewa kifurushi. Unakifungua?

Maana mchezo haukuishia kwa Mondlane. Tarehe 17 Agosti 1982, Ruth First, mwandishi na mwanaharakati wa ANC, alifungua kifurushi ofisini kwake Maputo, kikamuua. Ofisi yenyewe ilikuwa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane. Ungeandika hivyo kwenye muvi watu wangesema umetunga.

Huyu Jackal wake alijulikana. Craig Williamson, jasusi wa Makaburu, alikiri kuhusika mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mwaka 2000 akapewa msamaha. Familia ilipinga, haikusaidia.

Bintiye Ruth, Shawn Slovo, ndiye aliandika muvi ya A World Apart ya 1988, kuhusu yeye na mama yake. Wikiendi hii itafuteni hiyo.