Mwenendo wa kesi ya jinai Gisenyi

Kesi ya jinai mjini Gisenyi, Wilaya ya Rubavu, Rwanda, huendeshwa kwa sheria ya mwenendo wa mashtaka ya mwaka 2019. Upelelezi ni kazi ya RIB, ofisi iliyoundwa mwaka 2017. Haina ruhusa ya kumshikilia mtuhumiwa zaidi ya siku 5. Baada ya hapo imwachie au faili iende kwa mwendesha mashtaka. Tangu anapokamatwa, mtuhumiwa ana haki ya wakili na ya kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini tangu 2017, lakini vikao huendeshwa zaidi kwa Kinyarwanda, basi asiyekijua vizuri aombe mkalimani mapema, asiitikie asichokielewa.

Kikao cha kwanza mahakamani ndicho kinachowachanganya watu. Si hukumu. Jaji haamui kama mtu ametenda kosa. Anapima kama zipo sababu nzito za kumshuku na kama kuna haja ya kumweka mahabusu. Akikubali, amri yake ni ya siku 30 na yaweza kuongezwa. Muda wa kuikatia rufani ni siku 5 tu, nazo hupita familia ikiwa bado inaamini kesi imeshakwisha. Watu wa mpakani huumia zaidi. Mfanyabiashara anayelala Goma, upande wa Kongo, na kuvuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi hana makazi Rwanda, na hofu ya kutoroka ni hoja nzito dhidi yake. Hoja hiyo hujibiwa kwa vitu vya kushikika: wadhamini, uthibitisho wa makazi, ahadi ya kuripoti au kutovuka mpaka.

Kesi yenyewe huja baadaye. Makosa ya kifungo kisichozidi miaka 5 husikilizwa na Mahakama ya Mwanzo. Yanayozidi hapo huanzia Mahakama ya Kati ya Rubavu. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwendesha mashtaka. Rufani dhidi ya hukumu hukatwa ndani ya siku 30. Adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2007.

Mtoto aliye chini ya miaka 14 hashtakiwi. Aliye kati ya 14 na 18 lazima awe na wakili. Kwa asiye na uwezo, kila wilaya ina ofisi ya msaada wa kisheria, MAJ, isiyotoza malipo. Ndugu wa aliyekamatwa waende huko kabla ya kikao cha mahabusu, wasingoje amri itoke.