Kiswahili na Mabadiliko ya Mifumo ya Kompyuta: Mfano wa Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo zimo upande wa kusini wa Mkoa wa Kagera, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Ngara yapakana na Rwanda na Burundi, na wenyeji wake walio wengi husema Kihangaza na Kishubi, lugha zilizo jirani sana na Kirundi. Biharamulo i mashariki yake, na huko husikika Kizinza na Kisukuma pamoja na lugha nyingine za majirani. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi, ya soko na ya stendi ya basi, wala hakuna anayekiona kuwa kigeni; lakini kwa wengi si lugha ya kwanza. Kwa hiyo mtu wa Ngara anayewasha kompyuta nyumbani kwake huwa amekwisha kupita lugha mbili kabla ya kufika katika Kiingereza cha kioo kile.

Historia ya kompyuta kwa kawaida huandikwa kama historia ya mitambo: upi ulitangulia, upi ulifuata, na upi ulikuwa na nguvu zaidi. Yafaa pia iandikwe kama historia ya maneno. Kompyuta haifanyi kazi bila ya mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa iliyo chini ya programu zote, nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Katika kila badiliko mwenye kompyuta hupata madirisha mapya, alama mpya na mpangilio mpya. Swali la makala haya ni moja: mfumo wa kale ulipoondolewa na mpya kuwekwa mahali pake, maneno ya Kiswahili yaliyotungwa kwa ajili ya ule wa kale yalikwenda wapi?

Tanzania ilianza mapema, kisha ikasimama. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Mwaka wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za Wizara hiyo kuleta hasara na fadhaa. Amri hiyo ililegezwa pole pole katika miaka iliyofuata, na kompyuta ya nyumbani haikuwa jambo la kawaida hata mijini mpaka miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea mwisho. Matokeo yake kwa lugha hayatajwi mara nyingi. Katika miaka ile ambapo nchi nyingine zilikuwa zikizoea mashine hizo na kuzipa majina, Watanzania walio wengi hawakuwa na kitu cha kukipa jina. Zilipokuja kwa wingi, zilikuja zimekwisha kuzungumza, na zilizungumza Kiingereza.

Ngara ilikuwa na sababu yake yenyewe ya kukutana na ulimwengu wa nje kwa ghafula. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi. Mashirika ya kimataifa yalifika na ofisi zao, majenereta yao, na karatasi zao za Kiingereza na Kifaransa. Mwaka uliofuata ilianzishwa Redio Kwizera mjini Ngara, ikitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi. Hapa twaona jambo la kuangaliwa: redio, chombo kinachosema kwa kinywa, ilichukua lugha za watu mara moja, chombo kinachosema kwa maandishi yaliyokwisha kutengenezwa mahali pengine hakikuweza.

Umeme nao ulikuwa na usemi katika jambo hili. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea majenereta ya dizeli. Leo mambo yamebadilika: maporomoko ya Rusumo yana mitambo ya megawati 80, mali ya pamoja ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya umeme kwa upande wa Tanzania hufika Nyakanazi katika Wilaya ya Biharamulo. Mkongo wa taifa wa mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka wa 2009, umefika mipakani Rusumo na Kabanga. Lakini katika miaka ya majenereta, na ya intaneti yenye bei kubwa, mwenye kompyuta hakuweza kuuleta mfumo mpya kwa njia ya mtandao. Aliichukua mashine yake kwa fundi, na fundi alikuwa na diski.

Kutoka katika kibanda cha fundi lilizaliwa neno ambalo halimo katika orodha yoyote ya istilahi, nalo lasikika Tanzania nzima: kupiga Windows. Mtu husema, “Mashine imekuwa nzito, nataka unipigie Windows upya.” Mwanafunzi wa lugha hatalishangaa. Kitenzi piga tangu zamani kimebeba kazi nyingi zisizo za kipigo: kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga rangi, kupiga picha, kupiga simu. Kila kilipofika chombo kipya, piga kilikuwa tayari kukipokea, na nomino ngeni ilifuata nyuma yake bila taabu. Wataalamu nao walitoa sakinisha, neno lililoundwa kwa ustadi kutokana na sakini, yaani kukaa mahali. Kusakinisha programu ni kuikalisha ndani ya kompyuta. Neno hilo ni jema na asili yake yaonekana wazi. Hata hivyo, kibandani mtu husikia piga.

Si kwamba wataalamu walilala. Kazi ya kusanifisha Kiswahili ina umri mrefu: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka wa 1930, ikarithiwa mwaka wa 1964 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Baraza la Kiswahili la Taifa nalo likaundwa kwa sheria mwaka wa 1967. Katika uwanja wa kompyuta mwaka wa 2004 ndio wa kukumbukwa. Mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kuzifasiri programu zake kwa Kiswahili, na wanaisimu wa Afrika Mashariki wakashirikishwa katika kuandaa faharasa. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zenye sura ya Kiswahili, zisizouzwa, na zilizo huru kunakiliwa. Aliyeifungua aliona faili, hariri, hifadhi na chapa mahali alipozoea kuona maneno ya Kiingereza.

Kazi hizo mbili zilikuwa za heshima, na zote mbili zilikutana na adui mmoja, naye ni wakati. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la kwanza la OpenOffice. Mwezi wa Oktoba 2005, hata mwaka haujatimia, toleo la pili lilitoka likiwa na sehemu mpya zilizotaka tafsiri mpya. Kwa upande wa Windows, Kiswahili kilitolewa kama kifurushi cha kutandazwa juu ya mfumo wa Kiingereza, kikifunika sehemu zinazotumika zaidi na kuyaacha yaliyo chini kama yalivyokuwa. Kifurushi kilichotengenezwa kwa mfumo mmoja hakikuweza kuingia katika mwingine. Kila mfumo ulitaka cha kwake, na mwenye kompyuta alitakiwa kukitafuta na kukiweka kwa mkono wake. Windows XP iliacha kupata masahihisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa aliyekuwa amekiweka Kiswahili, kila mojawapo ya tarehe hizo ilikuwa ni kuanza upya. Fundi aliyeombwa kupiga Windows alirudisha mashine kama alivyoipata katika diski, yaani kwa Kiingereza, wala hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza lingine.

Tofauti na kazi ya zamani ni kubwa. Kamati ya mwaka wa 1930 ilipokata shauri juu ya tahajia ya neno, shauri lile liliingia katika vitabu vya shule, na kitabu kilikaa darasani miaka ishirini. Mtoto aliyekisoma akawa mwalimu na kukisomesha. Istilahi ya kompyuta haina darasa la namna hiyo. Maisha yake yamefungwa katika maisha ya toleo moja la programu, na toleo likizikwa, neno huzikwa nalo iwapo halikupata kinywa cha kuliokoa.

Tena kuna jambo la mipaka. Kwa miaka mingi orodha ya lugha ya Windows ilikiandika Kiswahili pamoja na jina la Kenya peke yake. OpenOffice, na LibreOffice iliyotokana nayo mwaka wa 2010, zilikiandika pamoja na jina la Tanzania. Hazina ya Unicode inayotunza majina ya siku, miezi, fedha na nchi kwa ajili ya mifumo mbalimbali huorodhesha Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mtu wa Biharamulo aliyechagua lugha yake katika Windows ilimbidi achague nchi ya jirani. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini chini yake yamo mashindano ya maneno ambayo wanaisimu wayajua: kwa Wakenya tarakilishi na puku, kwa Watanzania kompyuta na kipanya. Wala mfumo mpya haukuondoa tatizo la saa. Saa ya kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane, na Mswahili huhesabu tangu jua kuchomoza. Kioo chasema 7:00, msomaji husema saa moja, na kila mmoja huvumilia desturi ya mwenziwe.

Ni maneno gani basi yaliyopona? Tukiyatazama twapata kanuni mbili. Yalipona kwanza yale yaliyokuwa na kazi nje ya mashine. Mtandao na mfumo ni ya namna hiyo, na asili yake yamo katika vitenzi vya kazi za mikono, tanda na fuma. Hifadhi, hariri na chapa yalikuwa yakitumika katika magazeti na nyaraka. Pili yalipona yale yaliyovuka kutoka kompyuta hadi simu. Kupakua na kupakia, kazi za bandarini na za jikoni, leo yatumiwa na mtu ambaye hajagusa kompyuta maishani. Kadhalika sasisha, lililotolewa katika sasa, limepata nafasi kwa kuwa simu humwambia mwenyewe kila mara kwamba kuna jambo la kusasishwa. Kitendo ambacho zamani kilikuwa safari ya kwenda kwa fundi sasa hufanyika usiku mwenye simu akiwa amelala, na asubuhi huamka na mfumo mwingine.

Yafaa kukumbusha kwamba simu haijaimaliza kompyuta. Walimu, makarani na wafanyabiashara wa wilaya hizi bado wana mashine, nyingi zikiwa mitumba iliyotumika kwanza ng’ambo. Mfumo wa Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, na kichakato kisicho cha zamani sana. Mashine nyingi za kabla ya mwaka wa 2017 hazikubaliwi. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: kubaki na mfumo usiolindwa, kununua mashine nyingine, au kuhamia Linux, ambayo haina bei na huweza kukaa katika kompyuta kuukuu. Njia hiyo ya tatu ndiyo iliyofikiriwa na watu wa Kilinux zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Yadhihirika kwamba kasoro haikuwa upungufu wa istilahi. Maneno yalitungwa, na mengi yalitungwa vizuri. Kilichokosekana ni mwendelezo: hazina moja inayotunzwa daima na taasisi za lugha, isiyo mali ya toleo lolote, ambayo kila mfumo mpya ungeweza kuichukua siku ya kuzaliwa kwake, na Kiswahili kuwamo katika diski ya fundi tangu mwanzo, badala ya kutafutwa baadaye. Kamusi hurithiwa na vizazi kwa sababu yuko anayeichapa tena. Maneno ya kompyuta nayo yanataka mchapaji wa namna hiyo. Hata apatikane, katika vibanda vya Ngara na Biharamulo mashine itaendelea kupigwa Windows, na huenda mtunza kamusi akaona busara kuliandika neno hilo pia, maana limepita katika mifumo yote hiyo bila kusakinishwa na mtu.