Nguo ya Amerikani na Huko Ilikotoka

Wazee wetu waliijua sana nguo iliyoitwa amerikani. Ilikuwa nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi wala kupaushwa. Ilivaliwa pwani na bara, na katika njia za misafara ilitumika kama fedha. Jina lake lilitaja nchi ilikotoka, lakini ni wachache waliouliza ilitoka mji gani, na ni mikono ya nani iliyoifanya. Katika likizo iliyopita ndugu yetu akaaye Boston alitualika, nasi baba, mama na watoto wawili tukapata nafasi ya kuyatafuta hayo.

Kwanza tulikwenda Salem, bandari ndogo iliyo kaskazini ya Boston. Hapo pana gati refu la kale, na karibu yake imesimama Nyumba ya Forodha iliyojengwa mwaka 1819. Tangu mwaka 1938 serikali ya Marekani huvihifadhi vitu hivyo kuwa kumbukumbu ya taifa. Zamani merikebu za matanga zilitoka Salem, zikaizunguka Afrika upande wa kusini, zikafika Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alikuja kukaa Unguja, akiwa balozi wa kwanza wa nchi yake. Merikebu zilileta majora ya nguo, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Watoto wetu walipotembea juu ya gati lile, walifurahi mno kusikia jina la Unguja likitajwa mahali palipo mbali vile na kwetu.

Siku ya pili tulikwenda Lowell, mji mmojawapo wa viwanda vya nguo. Kiwanda kiitwacho Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, sasa ni nyumba ya makumbusho, na mitambo ya kufumia huwashwa ili wageni waione. Kishindo chake ni kikubwa hata tukaziba masikio. Katika viwanda vya mji ule walifanya kazi wasichana waliotoka mashambani, zaidi ya saa kumi na mbili kila siku. Mwaka 1834 ujira wao ulipopunguzwa waligoma, na mwaka 1836 gharama ya malazi yao ilipoongezwa waligoma tena.

Hapo mtoto wetu mdogo akauliza, “Baba, na pamba yenyewe ililimwa wapi?”

Mama yake akamjibu, “Mwanangu, baridi ya hapa haikubali pamba. Ililimwa kusini, na watu walioilima walikuwa watumwa, waliotoka Afrika na wazao wao.”

Furaha yetu ya jana ikapungua. Katika jimbo la Massachusetts, ilipo miji hiyo miwili, mahakama ilikwisha amua mwaka 1783 ya kuwa utumwa haupatani na sheria ya jimbo. Walakini viwanda vyake viliendelea kula pamba ya watumwa. Nguo ikaenda Unguja, ikapelekwa bara kununua pembe, na pembe zikaletwa pwani mabegani mwa wapagazi, na baadhi yao walikuwa watumwa pia. Hivyo nguo moja ilianza katika utumwa na kuishia katika utumwa, na katikati wengi walipata faida bila kushika mjeledi.

Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 viliifanya pamba kuwa adimu, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi kubwa katika soko letu. Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa kwa sheria Marekani yote. Nasi tusiwanyoshee wengine kidole tu: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897.

Basi, ninyi wanafunzi, mkisikia sifa za merikebu na matajiri wa zamani, ulizeni kama alivyouliza mtoto yule: pamba yenyewe ililimwa wapi, na nani aliyeilima? Asiyeuliza hivyo amesoma nusu tu ya habari.