Nabongo Mumia na Njia ya Misafara

Katika historia ya magharibi ya Kenya, Nabongo Mumia wa Wanga huhukumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wamwitao msaliti aliyewafungulia Waingereza mlango, na wapo wamwonao mwanasiasa mwerevu aliyezijua zama zake. Hukumu zote mbili huanzia kufika kwa Waingereza, ilhali chanzo cha nguvu yake ni cha kale zaidi, nacho ni biashara.

Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imefika Wanga tangu enzi ya Shiundu, baba yake, ikitafuta pembe za ndovu na chakula cha safari ya Buganda. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, watu wa misafara walikuwa wangali wakipaita mahali hapo Kwa Sundu, ingawa Mumia alikwisha kurithi utawala. Mumia hakuwa mchuuzi. Alikuwa mwenyeji wa wachuuzi. Aliwapa makao na ulinzi, naye akapata nguo, shanga na bunduki, silaha zilizomfaa katika ugomvi na majirani, hasa Wajaluo wa Ugenya. Pamoja na bidhaa hizo ziliingia dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili.

Waingereza walipoweka kituo hapo mwaka 1894, waliyakuta mazoea hayo tayari, wakayatumia. Mwaka 1895 askari wa Wanga walikuwa upande wa C. W. Hobley alipowapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Mwaka 1909 Mumia alifanywa Chifu Mkuu, na nduguze wakatawazwa juu ya watu wengine: Murunga kwa Wabukusu, Mulama kwa Wamarama. Manung'uniko ya watu hao ndiyo asili ya jina la msaliti.

Hata hivyo, cheo kilipokua, msingi wake ulikuwa umekwisha kubomoka. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na njia ya misafara ikapoteza kazi yake. Mwenyeji asiye na wageni alibaki kuitegemea serikali, nayo mwaka 1920 ikahamishia makao ya wilaya Kakamega. Mumia alistaafishwa mwaka 1926, akafariki mwaka 1949.

Hivyo basi, si haki kumpima kwa mkataba wake na Waingereza peke yake. Pembe zilikwisha na cheo kikaondoka. Kilichodumu ni Kiswahili, ambacho kilifika Wanga kwa miguu ya wapagazi kabla ya kufundishwa na shule yoyote ya serikali.