Kola Iliyowangoja Madereva

Ulikuwa mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, tarehe 18 Februari 2001, na Dale Earnhardt alikuwa nafasi ya tatu. Kwenye kona ya nne gari lake jeusi namba 3 liliyumba, likapanda juu ya njia na kugonga ukuta wa zege. Kwa mtazamaji haikuonekana ajali kubwa. Gari halikupinduka wala kushika moto. Lakini bingwa huyo mara saba wa NASCAR, mfululizo wa mbio za magari wa Marekani, mwenye miaka 49, alikuwa amevunjika kitako cha fuvu, na akafariki.

Kifaa kilichobuniwa kuzuia jeraha la namna hiyo kilikuwa tayari kinauzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Chanzo chake kilikuwa msiba. Mwaka 1981 Mfaransa Patrick Jacquemart alifariki kwa jeraha la kichwa akifanyia gari majaribio katika uwanja wa Mid-Ohio, Marekani. Rafiki yake, dereva Jim Downing, alimwendea shemeji yake Robert Hubbard, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan aliyewahi kushughulika na midoli ya majaribio ya ajali katika kampuni ya General Motors. Hubbard aliliona tatizo: gari likigonga ukuta, mikanda hukamata kiwiliwili barabara, ila kichwa hakishikwi na kitu. Kikiwa na uzito wa kofia ngumu juu yake, huendelea mbele kwa kasi ileile, shingo ikavutika, na mfupa wa chini ya fuvu ukavunjika.

Jibu lake akaliita HANS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya tegemeo la kichwa na shingo. Ni kola ya nyuzi za kaboni yenye umbo la herufi U, inayokaa mabegani, miguu yake miwili ikishuka kifuani chini ya mikanda. Nyuma ya kisogo kola huinuka, na kutoka hapo vijikanda viwili hunasa kofia kushoto na kulia. Dereva hugeuza kichwa, lakini gari likigonga, kichwa na mabega husimama pamoja.

Madereva waliikataa. Za mwanzo zilikuwa kubwa, na wengi walilalamika kwamba zinabana, zinachoma mabega na zitawachelewesha kutoka gari likiwaka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Fireball Roberts alifariki mwaka 1964 kutokana na majeraha ya moto aliyoyapata katika mbio za Charlotte, na Niki Lauda aliokolewa na madereva wenzake katikati ya miali huko Nürburgring mwaka 1976. Ovaroli za Nomex, kitambaa kisichoshika moto kirahisi, zilipokelewa upesi kwa sababu kila mtu alikuwa ameuona moto. Fuvu likivunjika ndani ya kofia, hakuna anayeona kitu.

Ulaya iliamka baada ya mbio za Formula One za Imola, Italia. Dunia inakumbuka kifo cha Ayrton Senna tarehe 1 Mei 1994, lakini siku moja kabla yake Roland Ratzenberger alikuwa amegonga ukuta kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa, akavunjika kitako cha fuvu. Wahandisi wa Mercedes na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, walijaribu kwanza mfuko wa hewa, kisha wakarudi kwenye kola ya Hubbard na kuipunguza ukubwa. Tangu 2003 hakuna anayeshiriki Formula One bila hiyo.

NASCAR ilichelewa, na gharama yake ni majina. Mwaka 2000 walifariki Adam Petty, Kenny Irwin na Tony Roper. Akafuata Earnhardt. Oktoba 2001 akafa Blaise Alexander katika ARCA, mashindano mengine ya magari ya Marekani, na wiki mbili baadaye NASCAR ikatangaza kuwa kifaa cha kushika kichwa na shingo ni lazima. Miaka ishirini tangu Jacquemart ni mingi mno kwa kitu kinachochukua sekunde chache tu kuvaa.

Juni 2007, jijini Montreal, gari la dereva wa Formula One Robert Kubica, aliyekuwa amevaa kola hiyo, lilipaa na kusambaratika ukutani. Kesho yake alitoka hospitalini akitembea.

Safari Rally iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya, kila dereva na mwelekezi wake alikuwa na kifaa cha aina hiyo. Ukienda kutazama mbio kama hizo, mwangalie dereva anapojifunga mikanda: kitu cheusi kinachochomoza nyuma ya shingo ndicho hicho.